Gari la wizi likipatikana Gisenyi, mwenyewe ni nani?

RUBAVU, Rwanda

Mtu aliyeibiwa gari huomba lipatikane. Lakini Gisenyi, mji ambao ukitoka nyumbani kwa miguu unaweza kujikuta nchi nyingine kabla chai haijapoa, siku gari linapopatikana ndiyo siku ugomvi unapoanza. Aliyeibiwa anadai ni lake. Kampuni ya bima iliyokwisha kumlipa inasema si lake tena. Benki iliyomkopesha inaonyesha dhamana yake. Na ng'ambo ya pili, Goma, yupo mtu wa nne aliyelinunua kwa dola taslimu, ana risiti mkononi, na hakuiba chochote.

Wote wanne wanaweza kuwa wakweli. Ndiyo maana wafanyabiashara wanaovuka Petite Barrière na La Corniche kila wiki wanahitaji kujua jambo ambalo mawakala wa bima hulitaja haraka haraka wakati wa kuuza, au hawalitaji kabisa: gari lililopatikana halimrudii tu aliyeibiwa kwa sababu aliibiwa. Linakwenda kwa yule mwenye haki kwa karatasi za siku hiyo, na karatasi hizo huenda zilibadilika siku alipopokea hundi.

Chukua mfano wa mfanyabiashara wa vitunguu na karoti wa Mahoko. Amenunua Hilux kwa faranga milioni 18 na kuikatia bima kubwa. Usiku mmoja gari linaibwa nje ya nyumba ya wageni. Anaripoti polisi, anapeleka nakala ya ripoti kwa bima, anasubiri. Upelelezi haupati kitu. Baada ya miezi kadhaa kampuni inakubali kulipa, lakini kabla fedha hazijatoka anawekewa mezani rundo la karatasi: ya kukiri kwamba malipo ni ya mwisho, ya kukabidhi funguo zote mbili, ya kukabidhi carte jaune, na nyingine inayosema kwamba haki zote juu ya gari zinahamia kwa kampuni. Anatia saini zote ndani ya dakika tano. Nani atakaa kusoma, na miezi yote hiyo amekuwa akikodi gari la mtu kupeleka mzigo?

Mwaka unaofuata Hilux inakamatwa, namba zimebadilishwa lakini chesesi ni ileile. Polisi wanampigia aliyeripoti wizi. Anakimbia na furaha yake, na kwenye meza ya afisa anakutana na mwakilishi wa bima.

Kwa sheria, mwakilishi ndiye mwenye gari. Bima ikishalipa hasara yote, huchukua nafasi ya mteja wake: inaweza kumshitaki mwizi, kumdai aliyenunua kwa mwizi, na kulichukua gari lenyewe likionekana. Hili ni moja ya mambo machache ambayo sheria za Rwanda na Congo, zenye asili ya Ubelgiji na Ufaransa, zinakubaliana na sheria za Kenya, Uganda na Tanzania zenye asili ya Uingereza. Bima hufidia hasara, haizalishi faida. Aliyelipwa thamani ya gari hawezi kubaki na thamani hiyo na gari pia.

Anachoweza kufanya ni kuomba kulinunua. Kampuni nyingi hazina shida ya gari, zina shida ya fedha zake, na aliyekuwa mwenyewe analijua gari kuliko mnunuzi wa mnadani. Lakini hiyo ni hisani, si haki, isipokuwa kama iliandikwa kwenye makubaliano ya malipo. Anayetaka nafasi ya kwanza ya kununua aiombe kabla ya kutia saini, wakati kampuni bado inahitaji saini yake.

Gari likipatikana kabla malipo hayajatoka, mambo hugeuka. Hapo ni lake bado, hata kama limeng'olewa redio, betri na magurudumu manne. Bima italipia matengenezo kwa mujibu wa mkataba, na mteja hawezi kulikataa kwa kusema yeye sasa anataka fedha, labda uharibifu uwe umepita kiasi cha kutengenezeka. Kesi ngumu hutokea katikati: kampuni imekubali dai kwa barua lakini haijalipa, na gari linaonekana wiki hiyohiyo. Kila upande utavuta kwake. Barua yenye tarehe inasaidia kuliko simu kumi za wakala.

Kuna na wale waliopunguza thamani ili ada ishuke. Hilux ya milioni 18 imeandikwa milioni 12. Ikiibwa, bima haiwezi kuvuka hiyo milioni 12, na milioni 6 zilizobaki ni hasara ya mwenyewe. Sasa gari likipatikana zima na kuuzwa kwa milioni 14, zile mbili za juu ni za nani? Ikiwa karatasi aliyosaini inasema amekabidhi gari na haki zake zote, atakuwa na kazi ya kueleza mbele ya hakimu kwa nini anadai tena. Sentensi moja tu ya kugawana bei ya mauzo, iliyoongezwa kabla ya saini, ingemwokoa.

Wengine huchagua njia ya mkato. Wanasikia kwa madereva kwamba gari lao limeonekana Goma au Sake, wanatuma mtu na dola mia kadhaa za kulikomboa, wanabadilisha rangi na kuendelea na biashara bila kuiambia bima iliyokwisha kuwalipa. Huo ni udanganyifu, na aliyekuwa mlalamikaji anageuka mshitakiwa.

Rangi moja, karatasi mbili

Kabla ya kufika huko, wengi hugundua kwamba hawakuwa na bima ya wizi kabisa. Hapa mpakani jina linachanganya. Nchini Rwanda carte jaune, karatasi ya njano, ni hati ya usajili wa gari. Kadi ya Njano ya COMESA ni kitu kingine: ni bima ya kuvukia mipaka, na inatambuliwa Rwanda, Burundi, Congo, Uganda, Kenya na hata Tanzania iliyojitoa COMESA mwaka 2000. Upande wa Congo hati ya usajili inaitwa carte rose. Mtu anaposema "njano ninayo", muulize ipi.

Na Kadi ya Njano ya COMESA, kama ilivyo bima ndogo ya lazima, hulipa watu wengine uliowaumiza au uliowaharibia mali. Hailipi gari lako likiibwa. Ukiegesha karibu na soko la Virunga mjini Goma ukiwa na kadi hiyo pekee, ukirudi ukakuta nafasi tupu, hakuna ofisi ya kudai.

Bima kubwa nayo ina mipaka yake ya kijiografia. Mkataba unaweza kutaja Rwanda pekee, au nchi chache zilizoorodheshwa. Kongeza nchi ya pili hulipiwa ada. Mita mia moja baada ya kizuizi, gari lenye bima kubwa Gisenyi linaweza kuwa halina bima ya wizi hata kidogo. Wanaovuka mara moja kwa mwezi husema haina maana kulipia. Huenda ni kweli kwa gari la zamani, si kwa gari lililonunuliwa kwa mkopo.

Mtego mkubwa zaidi uko kwenye neno lenyewe "wizi". Mikataba mingi hulipa gari lililochukuliwa bila ridhaa. Ukimkodisha mtu gari kwa siku tatu, ukampa ufunguo kwa mkono wako, naye akavuka nalo na kuliuza, hilo kwa sheria zetu za asili ya Kifaransa si wizi, ni kuvunja uaminifu. Kampuni ya bima itakuonyesha kifungu na kukupa pole. Kwa wenye biashara ya kukodisha magari Rubavu na Kigali hatari hiyo iko karibu kuliko mwizi wa usiku, maana aliyekodi anaondoka na ufunguo halisi na nakala ya karatasi.

Ng'ambo ya mpaka, hesabu nyingine

Neno hilohilo lina uzito mwingine kabisa Goma. Nchini Congo, msingi wa sheria ya mikataba na madai bado ni amri ya Julai 30, 1888, ya enzi za Mfalme Leopold II. Kwa lugha ya kawaida inasema hivi: kwa mali inayohamishika, aliye nayo mkononi huhesabiwa ndiye mwenyewe. Lakini aliyepoteza au aliyeibiwa anaweza kuidai kwa miaka 3 kuanzia siku ya kupotea au kuibwa. Na aliyenayo akiwa aliinunua kwa nia njema sokoni, kwenye mnada wa hadhara au kwa muuzaji wa vitu vya aina hiyo, mwenye mali wa kwanza hawezi kuichukua mpaka amrudishie bei aliyolipa.

Soma tena sentensi ya mwisho kwa macho ya mfanyabiashara. Hilux ya Mahoko imekutwa kwenye yadi ya magari mjini Goma. Mnunuzi ana risiti ya muuza magari, dola 9,000. Bima ya Rwanda, ambayo sasa ndiyo yenye gari, inaweza kulidai, lakini italazimika kumrudishia mnunuzi dola 9,000, juu yake wakili, kreni na safari. Kampuni inapiga hesabu. Wakati mwingine jibu la hesabu hiyo ni kuliacha.

Na lile gari lililokodishwa? Amri ya 1888 inalinda aliyepoteza na aliyeibiwa. Katika mafundisho ya sheria ya Ubelgiji na Ufaransa, aliyemkabidhi mtu mali kwa hiari yake akasalitiwa hayumo katika ulinzi huo. Mnunuzi mwenye nia njema anaweza kubaki na gari. Kwa hiyo mwenye biashara ya kukodisha anapigwa mara mbili kwa neno moja: bima inamwambia hakuibiwa, na hakimu wa ng'ambo anamwambia vilevile.

Rwanda nayo iliongozwa na amri hiyo tangu enzi za Wabelgiji. Mwaka 2019 ikafuta kwa mkupuo sheria zote zilizowekwa kabla ya uhuru. Hivyo watu wanaonunuliana nyanya kila asubuhi, na ambao nchi zao zilianzisha hapahapa Gisenyi Jumuiya ya Kiuchumi ya Nchi za Maziwa Makuu, CEPGL, Septemba 20, 1976, hawana tena hata kanuni hiyo moja ya pamoja. Ukipanda hadi Uganda, Kenya au Tanzania, kanuni ni kali zaidi kwa mnunuzi: hakuna awezaye kuuza asichomiliki. Gari linarudi kwa mwenyewe au bima yake, na aliyelinunua anabaki kumtafuta aliyemuuzia, ambaye kwa kawaida simu yake haipatikani.

Waliochukuliwa magari Januari 2025

Kundi moja lina hadithi iliyo kinyume. Goma ilipoangukia mikononi mwa M23 Januari 27, 2025, magari ya mashirika, ya serikali na ya watu binafsi yalichukuliwa kwa nguvu. Wenye bima walipofungua mikataba yao walikuta kifungu ambacho kimo karibu katika kila bima kubwa duniani: hasara inayotokana na vita, uvamizi au uasi hailipwi. Soko la bima la Congo lenyewe ni changa. Mpaka sheria ya Machi 2015 ilipofungua milango, SONAS ndiyo iliyokuwa kampuni pekee.

Lakini asiyelipwa hajahamisha kitu. Gari lililochukuliwa siku ile bado ni la jina lilelile, na likionekana Rubavu, Kampala au Bujumbura, mwenyewe analidai bila kuvutana na bima yoyote. Kinachomkimbiza ni kalenda. Kwa hesabu ya kawaida ya miaka 3, dai la Januari 2025 mbele ya sheria ya Congo linafika ukingoni Januari 2028. Na tangu siku ile Goma imekuwa chini ya utawala ambao Kinshasa haiutambui, kwa hiyo hati ya kuhamisha jina iliyogongwa muhuri huko inaweza kukataliwa kwingine. Anayenunua gari lenye hati ya namna hiyo ananunua pia swali hilo. Aliyepoteza gari na bado hajawa na ripoti ya maandishi yenye namba ya chesesi, aliyoipeleka popote inapopokelewa, ana dai la mdomo tu.

Wizi unaotoka mbali

Si kila gari la wizi linaloonekana mpakani liliibwa Kivu au Rwanda. Takwimu za kitengo cha polisi wa Uingereza kinachofuatilia uhalifu wa magari, NaVCIS, zimeonyesha kwamba katika miaka ya 2021 hadi 2024, karibu manne kati ya kila magari kumi ya wizi yaliyokamatwa bandarini Uingereza yakiwa ndani ya kontena yalikuwa yameandikiwa safari ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo. Hakuna nchi nyingine iliyoifikia.

Njia yenyewe inajulikana. Katikati ya muongo uliopita wapelelezi waliifuata Lexus iliyoibwa London kwa kifaa cha kufuatilia kilichokuwa bado ndani yake. Ilipita Ufaransa na Oman, ikashuka Mombasa, ikaishia Uganda, na huko yakaonekana magari mengine mengi ya kifahari ya Waingereza. Mwaka 2019 Mamlaka ya Mapato ya Kenya, KRA, ikakamata bandarini Mombasa magari yaliyoibwa Uingereza yakielekea Uganda. Katika kesi za namna hii wadai huwa ni kampuni za bima na za mikopo, maana raia aliyeibiwa alikwisha lipwa zamani na ananunua jingine. NaVCIS yenyewe inagharimiwa kwa sehemu kubwa na wakopeshaji wa magari. Wanajua wanachokitafuta ni chao.

Gari la Uingereza lina usukani wa kulia. Rwanda kwa miaka mingi haisajili gari dogo la usukani huo, kwa hiyo ukiona la kifahari la namna hiyo Gisenyi, ni la mgeni. Goma yapo tele, mengi yakiwa halali kutoka Japani kupitia Mombasa na Dar es Salaam. Hapo ndipo la wizi hujificha.

Namba ya chesesi hutoa siri. Magari yaliyotengenezwa kwa ajili ya Ulaya yana namba yenye tarakimu na herufi 17, na ndani yake hakuna kamwe herufi I, O wala Q. Yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani, kama Noah, Ipsum na Corolla nyingi za barabara zetu, yana namba fupi zaidi yenye kistari katikati. Kwa hiyo gari linalouzwa kwa maelezo kwamba "limetoka Japani moja kwa moja" huku namba yake ina herufi 17 linahitaji maelezo ya ziada. Namba iliyogongwa kwenye chuma, iliyo kwenye kibati na iliyo kwenye karatasi zifanane zote. INTERPOL ina kumbukumbu ya zaidi ya magari milioni 7 yaliyoripotiwa kuibwa, na ofisi yake Kigali, kama zilivyo za Kampala, Nairobi na Kinshasa, inaweza kuulizwa kupitia polisi kabla dola hazijabadilisha mikono. Anayelipia kwa benki badala ya taslimu, kwa muuzaji mwenye duka na jina, anajijengea pia ushahidi wa nia njema ambao amri ya 1888 inauhitaji.

Kuuliza mapema kuna faida nyingine. Kupokea mali ya wizi ni kosa katika nchi zote hizi, na tofauti kati ya mnunuzi aliyedanganywa na mshirika wa mwizi mara nyingi ni bei. Prado ya dola 25,000 iliyonunuliwa kwa 8,000 usiku haina nia njema ya kueleza.

Turudi kwa Hilux ya mfano wetu. Hata bima ikikubaliwa kuwa ndiyo mwenyewe, haitalichukua kesho. Gari ni kielelezo, na litasubiri kesi ya mwizi iishe, labda mwendesha mashitaka akubali lipigwe picha na litolewe kwa dhamana. Kama liliingia nchini kwa kibali cha muda, forodha nayo ina swali lake, kwa sababu katika vitabu vyake gari hilo halikutoka kwa tarehe iliyoandikwa, na aliyelipitisha ndiye anayedaiwa ushuru mpaka ripoti ya wizi imfikie afisa wa forodha pia, si polisi peke yake. Benki inataka kujua deni lililobaki linalipwa na nani. Wakati wote huo gari liko uwanjani, linanyeshewa na mvua za Rubavu, matairi yameanza kukaa chini, na gharama za kulivuta na kulihifadhi zinaandikwa kwa jina la yule atakayethibitika kuwa mwenyewe.